«Sahau ya nyuma»: dhambi iliyofichwa inaachwa namna gani?



Kuna neno moja tunalisikia sana mu maombi ya siku hizi: «sahau ya nyuma». Mutu anakuja mbele na muzigo wake, hasemi ni muzigo gani, machozi yanatoka. Muchungaji anafungua Wafilipi 3:13, anamuwekea mikono, anamwambia ya zamani yamepita. Watu wanapiga makofi. Mutu anarudi nyumbani mwepesi. Siku tatu zinapita, kisha usiku fulani anaamuka saa nane, na kile kitu kiko palepale.

Vijana wengi waliosoma wanafikiri hapo ni kwa sababu imani yao ni ndogo. Wanarudi mbele mara ya pili, mara ya tano. Mimi nafikiri shida haiko kwa imani. Shida ni kwamba wamefundishwa mwisho wa toba bila mwanzo wake. Mimi ni mutu wa kilimo, sikusoma teolojia, lakini Biblia iko mu nyumba zetu zote na historia ya makanisa ya huku kwetu iko wazi kwa kila mwenye kutaka kuisoma. Basi tuangalie.

Tuanze na hiyo Wafilipi 3. Fungua sura yote, usichukue mustari moja. Paulo anasema anasahau ya nyuma, lakini mistari michache juu yake anataja ya nyuma hayo ni nini: alitahiriwa siku ya nane, ni wa kabila la Benyamini, ni Farisayo, kwa sheria hakuwa na lawama. Ni kusema anataja diplome zake! Mu hayo yote anataja dhambi moja tu, kutesa kanisa, na hata hiyo anaitaja kama kitu kilichomupa sifa wakati ule. Anachokihesabu kuwa hasara ni zile sifa ambazo mutu anaweka kwa sivi. Ile sura inatugusa sisi wa lisansi zaidi kuliko muzinzi anayelia mu kona.

Na dhambi yake je, Paulo aliisahau? Hapana. Mu Matendo 22 anaieleza mbele ya watu wenye hasira pale Yerusalemu. Mu Matendo 26 anaieleza mbele ya mufalme Agripa. Anaandikia Wakorintho kwamba hastahili kuitwa mutume juu alitesa kanisa, na Timoteo pia anamwambia alikuwa mutesaji. Ile ya nyuma ilikuwa imeacha kumushika, lakini alikuwa hajaifunika. Kati ya kuacha na kufunika kuna tofauti kubwa, na makala hii yote iko mu hiyo tofauti.

Sasa, dhambi ya kufichwa ni gani? Si kila kitu ambacho watu hawakijui. Kila mutu ana mawazo mabaya na uzaifu ambao Mungu peke yake anajua, na si lazima jirani ajue. Dhambi iliyofichwa, kwa namna Biblia inaionyesha, iko na kitu kimoja zaidi: inaomba kazi ya kuificha. Muangalie Daudi, 2 Samweli 11. Usinzi wake na Batsheba ulikuwa wa usiku mumoja. Kuuficha ndiko kulikula siku na watu: akamuita Uria kutoka vitani aende kulala na muke wake, Uria akakataa, akamulewesha, Uria akalala mulangoni na watumishi, mwishowe akaandika barua ya kumuua na akamupatia Uria mwenyewe aipeleke. Dhambi ya kwanza ilizaa ya pili iliyo nzito kuliko yenyewe. Akani naye, Yoshua 7, alizika mali chini ya hema: vazi moja la Shinari, fedha shekeli 200, kipande cha dhahabu shekeli 50. Vazi hakulivaa, fedha hakuitumia. Alipata tu kazi ya kulinda shimo.

Wenzangu wa kilimo wananielewa nikisema ni kama ule ugonjwa wa muhogo wa michirizi ya kahawia. Ule wa mozaiki unauona kwa majani, unangoa muti. Huu mwingine, mara nyingi majani yanabaki mazuri, shina limesimama, mwenye shamba anafurahi, anakata hata vipandikizi vya kumugawia jirani. Siku ya kuvuna anapasua muhogo, ndani umeoza.

Kwetu sisi wenye kusoma, mashimo ya Akani yanajulikana. Mapointi yaliyonunuliwa kwa asistanti. Kazi ya mwisho wa masomo, TFC, iliyoandikwa na mutu mwingine, na jina lako liko juu. Mutoto aliyezaliwa na msichana wa mutaa karibu na chuo, ukabadilisha namba ya telefone. Mimba iliyotolewa. Liste ya wakimbizi ambamo uliweka majina ya kaka zako na shemeji. Risiti za perdiemu za siku ambazo hamukufika kijijini. Sisemi haya kwa kumunyooshea mutu kidole. Nasema juu maubiri mengi yanataja pombe na uasherati, na haya ya ofisi na ya darasa yanapita kimya kama vile Mungu hasomi ripoti.

Neno lenyewe «toba» linatufundisha. Sisi Waswahili tulilipata kwa Kiarabu, na mule maana ya muzizi wake ni kurudi. Waebrania nao, mu Agano la Kale, wanatumia neno la kurudi, kama mutu aliyepotea njia ya Nyunzu akageuka. Wagiriki wa Agano Jipya wanatumia neno la kugeuza akili. Mu hayo yote hakuna neno la kulia. Machozi yanaweza kuja, ni vizuri yakija, lakini mutu anaweza kulia akiwa amesimama palepale.

Wakatoliki wanafundisha sakramenti ya kitubio kwa sehemu tatu zinazomuhusu mwenye dhambi: majuto, maungamo na malipizi. Waprotestanti hatuiiti sakramenti, na juu ya malipizi tuna mabishano ya zamani, lakini Biblia ile ile inatulazimisha tukubali kwamba vitu hivyo vitatu viko. Ya tatu njo tunaikimbia. Kwa hiyo niikalie kidogo.

Sheria ya Musa iko na hesabu kamili. Walawi 6 na Hesabu 5 zinasema: mutu aliyemudanganya mwenzake ao kumunyanganya, akiisha kuona kosa lake na kuliungama, anarudisha kitu chote na kuongeza sehemu moja ya tano. Kama ulikula franka 50.000, unarudisha 60.000. Lakini Kutoka 22 inasema mwizi aliyechinja ao kuuza ngombe ya mutu analipa ngombe tano kwa moja, na kondoo wanne kwa mumoja. Na kama munyama amekutwa angali hai mukononi mwake, analipa mara mbili. Unaona? Anayekamatwa analipa mara mbili, nne, tano. Anayejitokeza mwenyewe anaongeza asilimia 20 tu. Sheria yenyewe inamufungulia mulango yule anayekuja bila kukamatwa.

Kisha soma Luka 19 ukiwa na hizo hesabu mu kichwa. Zakayo hakukamatwa na mutu. Angeweza kulipa ile moja ya tano na mambo kwisha. Yeye akajiwekea bei ya mwizi, mara nne, na nusu ya mali yake akatoa kwa maskini. Na angalia mupangilio: Yesu ameisha kuingia kwake, ameisha kumukubali mbele ya watu wanaonungunika. Zakayo hanunui musamaha kwa pesa. Amesamehewa, ndiyo maana mukono wake umefunguka. Mu Mathayo 5 Yesu yuleyule anamwambia mwenye kuleta sadaka, akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale madhabahuni aende kwanza kupatana na ndugu. Hebu fikiria jumapili moja watu wakitii ile. Ofrande ingebaki kwa meza na kanisa tupu.

Tofauti kati ya majuto na toba, sisi wa Tanganyika tuko na mufano wake mukubwa, na umetokea mu bara yetu wenyewe. Mu Desemba 1884, watu wa Émile Storms, askari Mubelgiji aliyejenga boma pale Mpala, kusini ya Kalemie kando ya ziwa, walimuua chifu Lusinga na kumukata kichwa. Fuvu likapelekwa Ubelgiji, na mwishowe likawa mu masanduku ya taasisi moja ya sayansi mu Brussels. Mwaka uliofuata, 1885, boma hilo la Mpala likapewa Mapadri Weupe, na imani ikahubiriwa kutoka pale. Tarehe 30 Juni 2020 mufalme Philippe wa Ubelgiji aliandikia raisi wetu barua ya kusema majuto yake makubwa juu ya mateso ya ukoloni, na mu Juni 2022 alikuja Kinshasa akayarudilia. Watu wengi walifurahi, na kweli hakuna mufalme kabla yake aliyesema hivyo. Lakini neno la kuomba musamaha halikutoka. Mu Desemba ya mwaka uleule, kamati ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza mambo ya ukoloni ilifunga kazi bila mapatano, na kilichowashinda ni hilohilo neno. Wengine waliogopa kwamba mutu akiomba musamaha, kesho yake ataulizwa malipo.

Woga huo ninauelewa. Ni woga uleule wa kijana mwenye mutoto aliyemuacha: kusema «ninasikitika» hakuombi kitu, kusema «nilikukosea» kunaleta swali la pili, «sasa?». Ndiyo maana majuto yanaweza kudumu miaka makumi bila kuzaa kitu. Paulo mu 2 Wakorintho 7:10 anatofautisha huzuni ya namna mbili, moja inaleta toba, ingine inaleta kifo, na ile ya kifo nayo ni huzuni ya kweli kabisa.

Basi kuungama. Kwa nani? Hapa vijana wengi wanapotea, na hapa historia ya bara yetu inasaidia kuliko maubiri.

Mu karne za kwanza, Wakristo waliokosa sana walifanya toba mbele ya kanisa lote. Kuungama kwa siri sikioni mwa padri, tena mara nyingi mu maisha, kulienea kutokea kwa watawa wa Ireland kuanzia karne ya 6, na mutaguso wa Laterani wa mwaka 1215 ukaagiza kila muamini aungame angalau mara moja kwa mwaka. Namna hiyo ndiyo ilifika kwa ziwa letu na Mapadri Weupe, na ndiyo Stefano Kaoze, Mukongomani wa kwanza kuwa padri, alipewa nguvu ya kuisikiliza tarehe 21 Julai 1917 pale Baudouinville, yaani Kirungu ya leo, Moba. Uzuri wake ni siri: padri hana ruhusa ya kutoboa neno moja, hata mbele ya tribinali. Hatari yake kila Mukatoliki anaijua: mutu anaweza kuungama wizi mwaka kwa mwaka na mwenye kuibiwa hajasikia kitu.

Namna ya pili ilitokea upande wa Rwanda na Uganda, na hiyo ilikuwa wazi kabisa. Najua leo mutu wa mashariki ya Congo akisikia neno Rwanda moyo unaruka, lakini jambo hili ni la miaka ya 1930 na lilivuka mipaka yote. Mu Septemba 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi mu hospitali ya Gahini, mashariki ya Rwanda, alikutana na Muganda Simeoni Nsibambi. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Baadaye mukubwa wa wafanyakazi wa hospitali, Yosiya Kinuka, aliyekuwa na hasira juu ya mambo mabaya ya Gahini, akaenda kumuona Nsibambi. Nsibambi hakuongea naye juu ya hospitali. Akamuuliza juu ya moyo wake. Kinuka aliporudi alikuwa mutu mwingine, na mu miaka iliyofuata Gahini ikawaka. Ule Uamsho ukaenda Kabale, Buganda, Burundi ng'ambo ya ziwa letu, Bukoba, Kenya. Watu wake waliitwa Balokole, waliookoka.

Kitu kilichowashangaza watu ni kurudisha. Mutu alikuja na shuka za hospitali alizoiba, mwingine na deni la zamani, mwingine akaenda kwa bwana kazi kusema alimudanganya. Wakaungama mbele ya wenzao mu mikutano, Mwafrika mbele ya Muzungu na Muzungu mbele ya Mwafrika. Hiyo ya pili, mu ukoloni, ilikuwa kitu hakijaonekana.

Wanafunzi, sikieni hii ya Mukono. Mwaka 1941, mu chuo cha teolojia cha Bishop Tucker, Uganda, kikundi cha wanafunzi wa Uamsho kilianza kuamuka mapema sana kuomba na kuhubiri juu ya dhambi zilizokuwa mule chuoni, wizi na uasherati, watu wanajua na watu wananyamaza. Wakubwa wa chuo wakakataza. Wao wakaendelea. Wanafunzi 26 wakafukuzwa, kati yao William Nagenda, aliyekuwa anajitayarisha kuwa kasisi. Hakupata kuwa kasisi mpaka kufa; akawa muhubiri aliyejulikana mpaka inchi za mbali. Wengine wanasema walikuwa na kiburi, na wakubwa wa chuo hawakukosa sababu kabisa. Mimi nabaki na swali moja tu: kati ya chuo kilichofukuza na vijana waliofukuzwa, nani alikuwa anaficha?

Lakini Uamsho nao ulijifunza kwa maumivu. Watu walianza kuungama mambo ya kitanda mbele ya mukutano, kwa urefu, na kutaja majina ya wengine. Ndoa zikatikisika. Yule msichana aliyetajwa hakuwa ameomba kutajwa. Wengine wakaanza kuona kuungama ni kama tiketi ya kuingia mu kikundi, asiyekuwa na dhambi kubwa ya kusema akaonekana hajaokoka vizuri. Wazee wao wenyewe wakaanza kuonya.

Kutoka kwa njia hizo mbili, ya sikio na ya mukutano, mimi natoa kanuni ambayo naona inakubaliana na Yakobo 5:16 na Mathayo 5: duara la kuungama liwe kubwa sawa na duara la waliokosewa. Kwa Mungu daima, juu kila dhambi inamugusa. Kisha kwa yule uliyemukosea. Kama ulikosea kikundi, kwa kikundi. Zaidi ya hapo ni mutu mumoja tu, padri, muchungaji ao muzee unayemuamini, wa kukusaidia kubeba. WhatsApp si mutu uliyemukosea. Na yule «nabii» anayekuita mbele akitaka useme siri yako kwa mikro, hana haki nayo. Tunajua pahali ambapo siri ya dada iliyosemwa mu chumba cha maombi imegeuka kamba ya kumufunga.

Jambo moja lisichanganywe, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Dada aliyebakwa, ao aliyelazimishwa na mufundisha ili apate mapointi, hana dhambi ya kuungama. Ile haya anayobeba si yake. Na mutu aliyemufanyia hivyo hawezi kwenda kuungama kwa muchungaji, wakaomba, familia ikaletewa mbuzi, mambo yakazikwa «kwa amani». Sheria ya inchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji inatambua ubakaji na hata usumbufu wa kingono kuwa kosa la jinai, na toba ya mutu kama huyo inapita kwa mulango wa tribinali. Kanisa linalomufichia linafanya kazi ya Daudi, halifanyi ya Nathani.

Kwa mambo yetu ya kawaida, malipo yanaonekanaje? Kwa mutoto uliyemuacha, jibu liko wazi ijapo ni zito: kwenda kwa wazazi wa yule mwanamuke na muzee wa familia yako, kumutambua mutoto, kulipa masomo yake. Si lazima umuoe mama yake, na kama umeoa, muke wako ajue kutoka kinywani mwako kabla hajajua kwa mutaa. Kwa TFC iliyonunuliwa, nimesikia watu wakibishana usiku muzima. Wengine wanasema diplome irudishwe. Mimi naona swali la kwanza ni nani anaumia leo kwa kile hukijui. Kama wewe ni muganga ao unasimamia madaraja, uache ile kazi mpaka umejifunza kweli, hata kama njaa itapiga. Kama ni mimi wa kilimo nikishauri kijiji mbegu ambazo sikuzisoma, kijiji kinapoteza musimu muzima. Mahali pengine inatosha kukaa chini na kusoma upya kile uliruka, na kukataa kuuza mapointi siku wewe utakuwa asistanti. Na kama kuna mutu alinyimwa nafasi juu yako, huyo anajulikana, ana jina.

Tuje kwa kuacha. Hapa kuna watu wa namna ingine kabisa, ambao hawafichi tena. Wameungama, wamelipa, na bado wanajipiga. Kwao Biblia inaweka watu wawili usiku mumoja. Soma Mathayo 27 polepole: Yuda alijuta, alirudisha vipande vyote 30 vya fedha, aliungama wazi kwamba amesaliti damu isiyo na kosa. Majuto, maungamo, malipizi, vyote vitatu alivifanya! Lakini aliungama kwa makuhani waliomununua, na wao wakamujibu kwamba hayo ni mambo yake mwenyewe. Akaenda kujinyonga. Petro alikana mara tatu, akalia, akabaki karibu na wenzake. Tofauti haiko kwa ukubwa wa kosa wala kwa uzito wa machozi. Petro alikuwepo siku Yesu alipokuja kumutafuta, Yuda hakungoja.

Na pale ufukoni, Yohana 21, Yesu hakumwambia Petro asahau. Alimuuliza mara tatu kama anamupenda, juu alikana mara tatu. Petro akahuzunika kuulizwa mara ya tatu. Kila jibu likafuatwa na kazi: lisha kondoo. Kidonda kiliguswa mara tatu, kisha akapewa kundi. Mutu ambaye ameisha kupitia hapo na anaendelea kuleta dhambi ileile mbele kila jumapili, sasa anamuambia Mungu kwamba jibu lake halikutosha. Hata Daudi mu 2 Samweli 12, mutoto alipokufa, aliinuka chini, akaoga, akabadilisha nguo, akaingia kuabudu, akaomba chakula. Watumishi wakashangaa. Matokeo ya dhambi hayakuondoka, upanga haukutoka mu nyumba yake maisha yote. Lakini alikula.

Linabaki swali ambalo wengi wananiuliza wakijua ninazungukazunguka vijijini: na kama uliyemukosea haupati tena? Kwetu si swali la mufano. Mu miaka ya 2016 na 2017, vita kati ya Batwa na Baluba ilifukuza mamia ya maelfu ya watu mu jimbo letu. Kandokando ya Kalemie kulikuwa kambi, Katanyika na zingine, na liste za kugawa unga, mafuta na bashi. Kisha watu wengi walirudi Nyunzu, Manono, wengine wamekufa. Yule ambaye jina lake liliondolewa ili jina la shemeji yako liingie, utamupata wapi?

Hesabu 5:8 inalijua swali hilo. Inasema: kama aliyekosewa hana tena ndugu wa karibu wa kupokea, deni halifutiki, linapewa Bwana, kwa mukono wa kuhani. Kwa hiyo unafanya hesabu. Kilo ngapi za unga, bei ya wakati ule, unaongeza moja ya tano. Kisha unatafuta familia iliyorudi na haina mbegu, musimu wa mvua unakaribia, unapeleka mahindi na karanga, bila kupiga picha.